Kutojali fedha siko kulikompa Stu Ungar ushindi

Kila anayetazama High Roller: The Stu Ungar Story, ile filamu ya mwaka 2003 ambayo Michael Imperioli anaigiza kama Ungar, bingwa wa mchezo wa karata wa poka, anarudi kwenye masomo yangu ya poka na ugunduzi uleule: kumbe anashindwa kwa sababu anaogopa. Anataka acheze kama Stuey, yaani Ungar, bila kujali fedha. Wiki hii nimeambiwa hivyo tena, na aliyeniambia alikuwa tayari amehamia kwenye meza za dau kubwa mara tatu ya alilozoea. Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja.

Historia yenyewe wengi mnaijua, kwa hiyo naipitia haraka. Alizaliwa New York mwaka 1953. Akiwa kijana aliwapiga wachezaji wakubwa wa jini rami, mchezo mwingine wa karata, hadi wakakataa kukaa naye meza moja, ndipo akageukia poka. Alitwaa ubingwa mkuu wa World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka, mara tatu: 1980, 1981 na 1997. Mwaka 1977 Bob Stupak, mfanyabiashara wa kasino, aliweka dola 100,000 dhidi ya dola 10,000 za Ungar kwamba hawezi kuhesabu karata za paketi tatu za mwisho kati ya sita. Stupak akalipa. Novemba 1998 Ungar alikutwa amefariki katika chumba cha moteli Las Vegas, moyo umechakazwa na miaka ya dawa za kulevya. Alikuwa na umri wa miaka 45.

Sasa watu wanachukua mwanzo na mwisho wa maisha hayo na kuviunganisha kwa gundi wanayoipenda wao: ule uwendawazimu uliomuua ndio uliompa ushindi. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu anayeamini hivyo huanza kuiga uwendawazimu. Ustadi wa karata hawezi kuuiga.

Tazameni raundi iliyomaliza fainali ya 1980. Mpinzani ni Doyle Brunson, bingwa wa 1976 na 1977, mtu asiyetishika kirahisi. Kila mmoja ana karata mbili za siri: Ungar ana 5 na 4 za shupaza, Brunson ana ree na 7. Mezani zinafunguka karata za wote: ree, 7 na 2. Brunson ana jozi mbili tayari, anaweka dau, Ungar anafuata, yaani anaweka kiasi kilekile ili abaki mchezoni. Mtazamaji anapiga makofi: jamaa hana kitu na bado anafuata!

Hesabuni basi. Karata ambazo Ungar hajaziona ni 47, na zinazomkamilishia mfululizo (ree, 2, 3, 4, 5), ambao hushinda jozi mbili, ni zile 3 nne tu. Mara 43 atakosa, mara 4 atapata. Ili kufuata kuwe na faida, kila dola anayoweka lazima, siku akipata, imrudishie karibu dola 11. Fedha zilizokuwa zimekwisha kuwekwa mezani hazifiki hapo hata kwa mbali. Kinachobaki ni chipu, vile vipande vinavyochezewa badala ya fedha, zilizo mbele ya Brunson. Je, atazitoa 3 ikitua? Mwenye jozi mbili, moja ikiwa ya ree, akiona 3 imeanguka, haoni cha kumkimbiza. Ikaanguka kweli. Ungar akaweka dau, Brunson akasukuma chipu zake zote, na ubingwa ukaishia pale. Kufuata kwa namna hiyo ni kazi ya mtu anayezijua chipu za mwenzake hadi ya mwisho. Ukifuata karata zilezile dhidi ya mtu mwenye chipu kidogo, au dhidi ya mwoga atakayetupa karata zake mara tu 3 ikitokea, umechoma fedha.

Kwa hiyo fedha zilikwenda wapi? Karata hazikumfilisi. Alizipeleka kwenye mbio za farasi na kubeti michezo, na nyingine zikaenda kwenye dawa. Kuhesabu paketi tatu hakumsaidii mtu chochote mbele ya farasi. Mezani unashindana na binadamu anayekosea. Kwenye kubeti unaanza ukiwa nyuma, kwa sababu mpokea dau amekwisha kukata chake. Kwa bei ya kawaida ya Marekani unaweka dola 110 ili upate 100, na hapo lazima ushinde zaidi ya asilimia 52.38 ya madau yako ili tu usipoteze.

Lakini hata hilo si kiini. Kiini ni ukubwa wa dau, na hapa naomba msome polepole, maana hiki ndicho kitu ambacho sijaona filamu ikikionyesha. Tuseme wewe ni mjuzi wa ajabu na unashinda madau 55 kati ya 100 kwa bei hiyo. Ni kiwango ambacho wanaobeti kwa kazi wanakitamani. Una dola 1,000,000. Ukiweka asilimia 5 ya mtaji uliobaki kila mara, baada ya madau 100 utakuwa na takriban dola 1,146,000. Ukiweka nusu ya mtaji kila mara, ukashinda madau 55 yaleyale, utabaki na dola kama 25.

Dola ishirini na tano. Ujuzi uleule, ushindi uleule. Ukitaka kuona kwa nini, chukua dola 100, weka nusu, shinda mara moja: zinakuwa 145. Weka nusu tena, poteza mara moja: zinabaki kama 73. Umeshinda sawa na ulivyoshindwa na zaidi ya robo ya mtaji imekwenda. John Kelly, mtafiti wa maabara ya Bell Labs ya Marekani, aliiandika kanuni ya jambo hili mwaka 1956, kabla Ungar hajaanza kushika karata kwa fedha.

Sasa rudini kwenye mashindano. Kiingilio cha ubingwa ule ni dola 10,000. Chipu zako zikiisha unasimama unaondoka, hakuna kuingiza mkono mfukoni. Yaani sheria za mashindano ndizo zilizomwamulia Ungar anahatarisha kiasi gani, na kazi iliyobaki ilikuwa ileile aliyoiweza kuliko mtu yeyote. Mwaka 1997 hata kiingilio hakikuwa chake, alilipiwa na mchezaji mwenzake Billy Baxter. Akashinda dola 1,000,000, nusu ikaenda kwa Baxter kwa makubaliano yao, na nusu yake ikayeyuka katika miezi michache, mahali pasipokuwa na sheria ya kumsimamisha. Na mwaka 1990, wengi huusimulia kama kichekesho, nami sicheki: siku ya tatu ya mashindano alikutwa amezirai chumbani hotelini. Kiti chake kikabaki kitupu, chipu zake zikiliwa na dau za lazima raundi baada ya raundi, na bado akamaliza wa 9. Alikuwa amewaacha watu mbali kiasi hicho. Hebu fikirieni kilichopotea.

Vitabu vya poka vingeishia hapa: kipaji upande huu, nidhamu ya mtaji upande ule, jifunze vyote viwili. Mimi mwenyewe hufundisha hivyo. Ila sina amani kamili na mgawanyo huo. Mezani, anayewaza kodi ya nyumba husitasita, na mpinzani mzuri huiona ile nukta ya kusita. Inawezekana kwamba Ungar hakusita kwa sababu chipu kwake hazikuwa na maana nyingine nje ya meza. Nimewaona wachezaji waliojifunza kutunza mtaji wakawa salama zaidi na butu zaidi kwa pamoja. Nimewaona pia waliotulia ndipo wakaanza kuthubutu, kwa sababu walijua dau la leo haliwezi kuwaangusha. Naegemea hao wa pili na ndivyo nitakavyoendelea kufundisha. Lakini kama Ungar mwenye akaunti ya akiba angefuata lile dau la Brunson kwa wepesi uleule, mwalimu yeyote anayedai analo jibu, muulizeni amelipima vipi.