Dawa ya mseto: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja

Ukipimwa malaria Tanzania, majibu yakatoka chanya na huna dalili za malaria kali, kwa kawaida utaandikiwa ALu, ile ambayo wengi wetu tunaiita mseto tu. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Mtu wa kilo 35 na kuendelea humeza vidonge vinne kwa mkupuo, mara sita ndani ya siku tatu, jumla vidonge 24. Masharti yake husemwa harakaharaka dirishani: kula kwanza, hesabu saa nane, maliza dozi hata ukipata nafuu. Mgonjwa huitikia "sawa" na kuondoka, akiyachukulia kama maneno ya kawaida ya hospitali. Kumbe karibu yote yanatokana na jambo moja, kwamba dawa hizo mbili hazilingani mwendo.

Artemetha ndiyo yenye mbio. Asili yake ni artemisinini, kemikali iliyomo kwenye majani ya mmea wa Artemisia annua, ambayo Tu Youyou na wenzake walifanikiwa kuitoa huko China mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi hiyo ilimpatia mama huyo Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, na ulaji huo huacha madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoiamsha dawa: molekuli yake hukatika, na vipande vyake huharibu protini za kimelea palepale kilipo. Katika kila saa 48 vimelea hupungua kiasi kwamba kati ya 10,000 husalia kama mmoja. Homa inashuka, mgonjwa anaomba chakula, mtoto anarudi kucheza.

Lakini piga hesabu. Aliyeanza na vimelea bilioni 10 mwilini, baada ya saa 48 bado ana milioni moja. Anajisikia mzima naye ana milioni moja! Na artemetha haikai: kwa saa mbili tu hivi, nusu yake imeshaondoka kwenye damu.

Hapo ndipo lumefantrini inapohitajika. Hii hupanda polepole na kuondoka polepole zaidi. Huchukua siku kadhaa nusu yake kuisha. Wataalamu wanaamini kwamba inakizuia kimelea kuhifadhi salama mabaki yenye sumu ya himoglobini kilichoila, hivyo kinauawa na taka zake chenyewe. Ndiyo inayofagia waliosalia wiki nzima baada ya wewe kusahau kwamba uliumwa. Anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu amepata nafuu anakuwa ameitumia artemetha vizuri na kuinyima lumefantrini nafasi ya kujikusanya. Homa ikirudi baada ya wiki mbili au tatu atasema dawa ilikuwa feki.

Kuziunganisha kuna faida nyingine. Wenye umri wanaikumbuka klorokwini, ile iliyowasha mwili mzima. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini. Nayo ikaelemewa, na mwaka 2006 sera ikabadilishwa tena kuja kwenye mseto. SP ikabaki kuwa kinga kwa wajawazito. Kimelea kilichobahatika kuihimili dawa moja sasa kinakutana na ya pili papo hapo. Mpango huo umeanza kujaribiwa: Rwanda, Uganda na mkoani Kagera wameonekana vimelea wanaochelewa kufa kwa artemisinini. Mseto bado unatibu, ila mzigo unazidi kuhamia kwa lumefantrini.

Na lumefantrini ina udhaifu wake: haipendi maji, inapenda mafuta. Ukiimeza tumbo likiwa tupu, nyingi inapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Katika watu wazima wenye afya, mlo wenye mafuta mengi ulipandisha kiwango chake kwenye damu mara 16. Usiogope, halitakiwi sinia la pilau, kwani mafuta kidogo tu yanatosha, na mwenye malaria mara nyingi hata harufu ya chakula haitaki. Kikombe cha maziwa, uji uliotiwa karanga, kipande cha parachichi. Kwa mtoto mchanga, maziwa ya mama. Chai ya rangi na mkate mkavu ndivyo visivyosaidia.

Sasa zile saa nane. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Kuanzia siku ya pili ni asubuhi na jioni. Ukianza saa tisa alasiri, ya pili inaangukia saa tano usiku, na hiyo ndiyo dozi inayorukwa kirahisi, maana mgonjwa amelala na hakuna anayetaka kumwamsha. Mwamsheni. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, dozi hiyo hurudiwa, na vidonge vikipungua mrudi kituoni kuongezewa. Asiyeweza kuzuia kitu tumboni, anayedegedeka au anayepoteza fahamu hatibiwi kwa vidonge. Huyo ni wa hospitali mara moja, akachomwe sindano ya artesuneti.

Maudhi ya mseto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu, kukosa hamu ya kula, viungo kuuma. Si rahisi kujua lipi limeletwa na dawa na lipi na malaria yenyewe. La kuangaliwa zaidi ni moyo. Lumefantrini inaweza kuuchelewesha umeme wa moyo kidogo, na ikikutana na dawa nyingine zenye tabia hiyo, kama kwinini, erithromaisini na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, mapigo yanaweza kuvurugika. Mwenye matatizo ya moyo aseme kabla ya kuandikiwa.

Kugongana kubaya zaidi ni kwa dawa za kifua kikuu. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, huliamsha ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja dawa. Artemetha na lumefantrini zote huvunjwa na vimeng'enya hivyo. Ikitumika pamoja na rifampisini, kiwango cha artemetha kwenye damu hupungua kwa takriban asilimia 89 na cha lumefantrini kwa asilimia 68, kwa hiyo mgonjwa huyo hapewi mseto huu, hutafutiwa njia nyingine. Karbamazepini na fenitoini za kifafa ni hivyohivyo. Kwa wanaotumia ARV, efavirenzi hupunguza mseto pia, lakini dolutegraviri, ambayo wengi wanaitumia siku hizi, haina shida hiyo. Mhudumu wa duka la dawa hawezi kuyaona haya usoni kwako. Mtajie kila unachomeza, hata kama aibu inakushika.

Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja, usinunue pakiti nyingine kwa sababu tu kipimo cha haraka kimeonyesha mistari miwili. Kipimo hicho hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyote kufa. Omba upimwe kwa darubini.