Anuwai ya kuvu wadogo ni nini?

Kwetu Nyanda za Juu Kusini neno "ukungu" lina maana mbili: ule unaofunika mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi asubuhi, na ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Huu wa pili ni kuvu, wengine husema fangasi. Wengi wa jamii hii ni wadogo mno, umbo lao halionekani mpaka kwa hadubini.

Anuwai yao ni wingi wa aina zinazoishi mahali fulani, pamoja na tofauti za maumbo na kazi zao. Neno la kushika hapo ni "aina". Mkate ulioota ukungu hubeba spora (vijimbegu vya kuvu) nyingi ajabu, lakini huenda zote ni za aina mbili tatu tu. Kiganja kimoja cha udongo wa msituni kinaweza kuwa na aina mamia.

Ingia kwenye miombo mvua zikishaanza, fukua majani makavu chini ya mti. Utakuta utando mweupe, laini kama pamba iliyochambuliwa. Hizo ni nyuzi za kuvu zilizokusanyika. Uzi mmoja peke yake ni mwembamba kuliko unywele mara kumi au zaidi. Baadhi huozesha majani. Wengine hufunika ncha za mizizi ya miyombo, wakaupa mti maji na fosforasi, nao mti ukawapa sukari. Uyoga unaouzwa kando ya barabara Iringa mwingi wake ni tunda tu la nyuzi hizo. Kuvu mwenyewe yuko chini.

Wengine hawana nyuzi kabisa. Hamira ni chembe hai moja moja. Ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, ukigemwa leo ni mtamu, kesho unakata ulimi, na hakuna aliyetia hamira: imekuja na wadudu, na hewa, na mbeta yenyewe, chombo cha kukingia, iliyotumika jana.

Wanasayansi wameshazipa majina aina za kuvu takribani 150,000, na makadirio yanayotajwa sana ya aina zote zilizopo ni kati ya milioni 2.2 na 3.8. Pengo ni kubwa kwa sababu wengi hawakubali kuoteshwa maabara. Siku hizi husomwa vinasaba vyao moja kwa moja kutoka kwenye udongo, na hapo ndipo wasiojulikana hujitokeza.

Kuvu hawabadilishani nafasi ovyo. Mipaina, miti ya kigeni kama ile ya shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, ilidumaa sehemu nyingi za Afrika mpaka miche ilipowekewa udongo wenye kuvu wake. Na miombo ikifyekwa, visiki vikang'olewa, yakapandwa mahindi, udongo haubaki mtupu: mahindi yana kuvu wao, wanaoingia ndani kabisa ya mzizi. Ila hao hawazai uyoga wa kuchuma.