Tiba simulizi ni nini?

Tiba simulizi ni utabibu unaoihesabu hadithi ya mgonjwa kuwa sehemu ya uchunguzi, sawa na kipimo cha damu. Daktari hufundishwa kusikiliza anachosimuliwa, kukishika kilivyo, na kukizingatia anapoamua matibabu. Aliyeipa dhana hii jina ni Rita Charon, daktari wa magonjwa ya ndani katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwenye pia shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kiingereza.

Haja yenyewe ilionekana mapema. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, waliripoti kwamba madaktari waliowachunguza waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tu tangu waanze kujieleza. Na shida inayotajwa kwanza si lazima iwe ndiyo kubwa.

Mbinu ya kufundishia ninayoithamini kuliko zote ni faili la pili, aliyoibuni Charon. Katika faili rasmi mwanafunzi huandika dalili, vipimo na dawa. Pembeni, kwa lugha ya kawaida, huandika yasiyo na nafasi humo: kwamba mgonjwa amekataa kukatwa mguu, na yeye mwanafunzi moyoni anamuunga mkono, kwamba alitoka wodini na hasira asiyoielewa. Kisha husomeana kikundini. Wenzake hawamhukumu, huyachambua maandishi. Nani anasimulia? Nini kimerukwa? Hapo mwanafunzi huweza kugundua kwamba ukurasa mzima umejaa hofu yake mwenyewe, na mgonjwa hajatamka hata neno moja.

Hadithi hutumika pia kuelimisha umma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Alabama, uliwaonyesha Wamarekani weusi wenye shinikizo la damu DVD za wagonjwa wenzao wakisimulia wanavyoishi na ugonjwa huo. Miongoni mwa wale ambao presha yao ilikuwa haijadhibitiwa, ilishuka zaidi kuliko kwa waliopewa DVD za mada nyingine za afya.

Nguvu hiyohiyo huweza kupotosha. Mtu mmoja aliyeugua siku chache baada ya chanjo, akiwa msimulizi hodari, huaminiwa kuliko takwimu za maelfu ya watu, hata kama chanjo haikuhusika. Ndiyo maana hadithi ya afya sharti ichaguliwe kwa kulinganishwa na ushahidi. Mwenye hadithi naye aombwe ridhaa kila mara, maana kubadili jina hakumfichi mtu ambaye umri, kazi na ugonjwa wake vinatosha kumtambulisha.