Willy Sagnol: namba mbili aliyeipeleka Georgia Euro

Nimecheza namba mbili, yaani beki wa kulia, miaka mingi kwenye ligi ya mkoa, na siku hizi nafundisha mabeki wa pembeni wa timu ya vijana. Nasema mapema ili msomaji ajue: Willy Sagnol namtazama kwa jicho la beki wa kulia, na upendeleo upo.

Rika langu tunamkumbuka kwa mpira mmoja. Berlin, 9 Julai 2006, fainali ya Kombe la Dunia, dakika za nyongeza, Ufaransa na Italia ziko 1-1. Zidane anampa Sagnol mpira kulia, halafu mwenyewe anakimbilia ndani ya boksi. Sagnol hapigi chenga wala hakimbilii kibendera cha kona. Anamwaga maji, yaani anapiga krosi. Zidane anapiga kichwa, kipa wa Italia Buffon anaupangua juu ya mwamba. Baada ya hapo ikaja kadi nyekundu ya Zidane kwa kumpiga kichwa Materazzi wa Italia, ikaja mikwaju ya penalti, Trezeguet wa Ufaransa akagonga mwamba. Sagnol alipiga mkwaju wa nne wa Ufaransa akafunga, lakini Fabio Grosso wa Italia akamaliza kazi. Kwenye kibanda umiza nilikokuwa, watu walibishana juu ya kichwa alichopigwa Materazzi mpaka mwenye banda akazima taa. Mimi akili ilikuwa bado kwenye ile krosi.

Nieleze kwa nini. Beki wa pembeni ana krosi za aina mbili. Ya kwanza ni kupanda mpaka mstari wa mwisho na kuurudisha mpira nyuma. Ndiyo inayopendwa na mashabiki. Ya pili inapigwa mapema, bado uko mbali na mstari, kabla mabeki hawajageuka wakajipanga. Mpira unashuka kati yao na kipa, nao wanakimbia huku wanaangalia goli lao wenyewe. Beki katika hali hiyo hana chaguo zuri: akiuacha, mshambuliaji yuko nyuma yake, akiugusa, anaweza kujifunga. Krosi hii haihitaji kasi. Inahitaji mguu safi, na kuinua macho kabla mpira haujakufikia. Sagnol hakuwa mwenye mbio za kutisha, lakini hapo alikuwa fundi, na Bayern ya Ujerumani ilikula matunda ya mguu huo miaka mingi.

Historia yake kwa haraka. Alizaliwa Saint-Étienne mwaka 1977 na akaanzia soka la kulipwa hukohuko. Akaenda Monaco, akatwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 2000, kisha Bayern, ambako alishinda Ligi ya Mabingwa 2001 na ubingwa wa Ujerumani mara tano. Timu ya taifa aliichezea mechi 58. Maumivu ya mshipa wa kisigino yakamstaafisha Februari 2009, hajafika hata miaka 32.

Ukocha haukuanza kwa heshima. Baada ya vijana wa Ufaransa chini ya miaka 21, alipewa Bordeaux mwaka 2014. Novemba ya mwaka huohuo, akijibu maswali ya wasomaji wa gazeti la Sud Ouest, alisema faida ya mchezaji wa kawaida wa Kiafrika ni kwamba hana bei kubwa, yuko tayari kupambana na ana nguvu. Kisha akaongeza kuwa soka ni pia ufundi, akili na nidhamu. Baadaye alieleza masikitiko kwa walioumizwa. Mimi nimekaa miaka na vijana wanaosoma mchezo kuliko makocha wao, kwa hiyo maneno yale hayakunipita. Sikuyasahau, na sioni sababu ya kuyafunika kwa kuwa leo namsifia kazi nyingine. Msimu ule Bordeaux ilimaliza ya sita, na Machi 2016 akafukuzwa. Mwaka 2017 alikuwa msaidizi wa Ancelotti Bayern; Ancelotti alipoondolewa, Sagnol alishika timu mechi moja tu, sare ya 2-2 na Hertha.

Februari 2021 akaenda Georgia, nchi ya watu wasiofika milioni nne, ambayo haikuwa imewahi kucheza fainali kubwa tangu ipate uhuru. Septemba 2023, nyumbani Tbilisi, Hispania iliwafunga 7-1, na Lamine Yamal wa miaka 16 akafunga. Kwenye kundi lao la kufuzu Euro 2024 walimaliza wa nne. Kwa hesabu za kawaida safari ilikwisha, ila walikuwa wameshinda kundi lao la Ligi ya Mataifa, na hilo liliwapa mlango wa mchujo. Machi 2024 wakaifunga Luxembourg 2-0 bila nyota wao Kvaratskhelia aliyekuwa amefungiwa, kisha 0-0 na Ugiriki. Penalti 4-2, wa mwisho akapiga Nika Kvekveskiri. Watu wakajaa uwanjani.

Sasa tuje kwenye ubao wa mbinu. Napoli ilimtumia Kvaratskhelia kama winga wa kushoto. Ukiwa na winga wa namna hiyo, beki aliye nyuma yake anateseka: kila mpira unapopotea anabaki peke yake na watu wawili. Muulize beki yeyote. Ujerumani kwenye Euro 2024, Sagnol alipanga mabeki watatu wa kati, akaweka mabeki wa pembeni wawili wa kupanda na kushuka, viungo watatu, na Kvaratskhelia akamsogeza mbele kabisa pamoja na mshambuliaji Mikautadze. Kazi ya kukaba pembeni ikapata mwenyewe, na nyota akabaki na nguvu za kushambulia.

Haukuwa mpango wa kupendeza muda wote. Dhidi ya Jamhuri ya Czech, kipa Mamardashvili aliokoa michomo 11 ndipo ikapatikana 1-1. Lakini angalia mechi ya Ureno, Gelsenkirchen. Hata dakika mbili hazijaisha, beki wa Ureno António Silva anatoa pasi mbovu, Mikautadze anainasa, anampenyezea Kvaratskhelia, naye anakimbia na kumalizia kwa mguu wa kushoto. Mikautadze akaongeza kwa penalti, 2-0, na Georgia ikaingia hatua ya mtoano.

Hispania iliwatoa 4-1 kule Cologne. Wengi wanakumbuka manne yale. Mimi nakumbuka dakika ya 18: Otar Kakabadze, beki wa kulia wa Georgia, anafunguka kulia na kumwaga maji mbele ya goli. Beki wa Hispania Robin Le Normand anakimbia akitazama goli lake, mpira unamgonga, wavuni. Nilisimama peke yangu sebuleni, saa nne za usiku zimepita, mke wangu akauliza nani kafa.

Kombe la Dunia 2026 hawakufuzu. Kundi lilikuwa na Hispania tena na Uturuki. Vijana wangu bado nawaonyesha kipande kile cha Cologne kwenye simu kabla hatujapanga koni. Juzi mmoja akaniuliza, "Kocha, sasa hapo goli ni la nani?" Nikamwambia refa kaandika Le Normand. Akaangalia tena, akarudisha nyuma, akasema, "Basi refa hajawahi kucheza namba mbili."