Mwambie Kerneli Ni Waya Upi Unaoamsha

Kifaa cha kupima kina cha maji kikifungwa Jangwani, kwenye Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, hutegemea betri. Ili betri idumu, kompyuta yake ndogo inapaswa kulala karibu kiangazi chote, kisha iamke papo hapo maji yanaponyanyua boya. Isipoamka, wakazi wa bondeni hawapati taarifa. Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wanaoandika draiva (programu zinazoendesha vifaa) za Linux wasidharau mistari miwili ya faili la devicetree, linaloieleza kerneli, yaani kiini cha Linux, vifaa vilivyomo kwenye bodi.

Interapti ni ishara ya umeme inayoitaka prosesa isitishe kazi yake ihudumie kifaa. Lakini chipu ikilala usingizi mzito, sehemu kubwa ya saketi zake huzimwa, mara nyingi hata ile inayopokea interapti za kawaida. Kwa hiyo chipu nyingi huachiwa njia nyingine iliyo hai, yenye kazi moja tu: kuamsha. Kerneli haiwezi kuibahatisha njia hiyo. Lazima iandikwe.

Mstari wa kwanza ni `wakeup-source`. Kwa kawaida haupewi thamani, ukiwepo tu, kifaa kina uwezo wa kuamsha mfumo. Wa pili ni `interrupt-names`. Kifaa chenye interapti ya kazi na ya kuamsha huandikiwa majina `irq` na `wakeup`, kwa mpangilio uleule wa interapti zenyewe. Ukiugeuza, kerneli itasubiri ishara kwenye waya usio wake. Interapti hizo zikipitia vidhibiti viwili tofauti vya interapti, tumia `interrupts-extended`. Katika mafaili ya zamani utakuta `gpio-key,wakeup` mahali pa `wakeup-source`. Usiiandike kwenye kazi mpya.

Kinachonisikitisha zaidi ni kubandika `wakeup-source` kila mahali eti kwa tahadhari. Faili la devicetree linaeleza maunzi yalivyo, si tunavyotaka yawe. Kuruhusu au kuzuia kuamsha ni uamuzi wa mwenye mfumo, kupitia faili la `power/wakeup` la kifaa husika ndani ya `/sys` (saraka ya mipangilio ya kerneli), kwa kuandika `enabled` au `disabled`. Waya wenye kelele za umeme ukiruhusiwa kuamsha, betri itakwisha kabla ya masika.

Kabla ya kwenda kufunga, laza mfumo ukiwa mezani kwa kuandika `mem` kwenye `/sys/power/state`. Nyanyua boya kwa mkono, kisha soma namba ya interapti iliyoamsha kwenye `/sys/power/pm_wakeup_irq`, kama kerneli yako ina faili hilo. Itafute namba hiyo kwenye `/proc/interrupts`, orodha ya interapti na vifaa vyake. Ukikuta ni ya kifaa kingine, huenda si boya lililoamsha mfumo.