Jimu kunukia dawa si usafi

Wenye jimu wengi huamini kwamba ukumbi ukinukia Jik (dawa ya klorini), mteja ataona pasafi na atarudi. Harufu haiui kitu. Kinachoua vijidudu ni dawa kukaa juu ya benchi ikiwa bado mbichi, tena benchi lililokwisha kuoshwa. Jasho na mafuta ya mwili huidhoofisha klorini kabla haijafanya kazi. Na kile kitambaa kimoja kinachochovywa asubuhi na kupitishwa kila benchi hadi jioni? Kinasambaza fangasi tu.

Osha kwa maji ya sabuni, suuza, ndipo upake dawa. Ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5, tia mililita 30 kwenye lita moja ya maji. Iache dakika 10, kisha futa kwa maji safi. Changanya upya kila siku, na usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo: hutoa gesi ya sumu.

Hela hupotelea kwa wanaomwaga bila kupima wakidhani kali ndiyo bora. Vyuma hushika kutu (hivyo vifutwe kwa sabuni laini na kukaushwa, basi). Ngozi ya plastiki ya benchi hukakamaa, hupasuka kwenye mshono, jasho linazama kwenye sponji. Hapo kupangusa hakusaidii tena, ni kulivisha upya. Mteja naye wala halalamiki: anaona nywele zimeziba tundu la bafu, mwisho wa mwezi halipii.