Chumvi ya vijiji 600: utafiti wa China na sufuria yako ya mchuzi

Kwenye kliniki yetu ya presha kuna mzani mdogo wa jikoni, umekaa mezani kando ya mashine ya kupimia. Mgonjwa mpya huwa namwomba kitu kimoja: ukirudi, niletee chumvi. Chota kwa mkono ule ule unaochotea siku zote, kiasi unachotia kwenye vyungu vyote vya siku nzima, kifunge, uje nacho. Mama mmoja wa makamo alikuja na kifuko cha nailoni kilichopigwa fundo. Nikakiweka mzanini: gramu 66. Nyumbani kwake wanakula watu sita.

"Mama, hiyo ni gramu kumi na moja kwa kila mtu."

Akacheka. "Na hapo nimepunguza, daktari."

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Ndani ya hicho kijiko ihesabiwe na chumvi ya mkate wa asubuhi, ya chipsi za jioni, ya kidonge cha mchuzi na ya papa mkavu. Sisi watoa huduma tumeimba "punguza chumvi" miaka na miaka, wagonjwa wakiitikia kwa kichwa, kisha wanarudi kwenye jiko lile lile, kwa mume yule yule anayesema chakula hakina ladha. Ndiyo maana leo nataka kueleza utafiti mmoja uliofanyika vijijini kaskazini mwa China. Wenyewe hawakuwaomba watu wapunguze chumvi. Waliwabadilishia chumvi.

Kwa nini huko? Kaskazini mwa China kiharusi kimeua na kulemaza watu wengi kwa muda mrefu, na chakula cha huko kina chumvi kali. Majira ya baridi ni marefu, na tangu zamani familia zilihifadhi kabichi na mboga nyingine kwenye mitungi ya chumvi ili zifike majira ya kuchipua. Ongeza sosi ya soya na supu za tambi. Walipopima sodiamu, yaani madini makuu ya chumvi, kwenye mkojo wa saa 24, na hicho ndicho kipimo cha kuaminika kuliko kumwuliza mtu anakula nini, wanavijiji hawa walikuwa kwenye kama gramu 11 za chumvi kwa siku. Sawasawa na kifuko cha yule mama.

Jambo la pili lililowavutia watafiti ni kwamba sehemu kubwa ya chumvi hiyo hutiwa na mpishi mwenyewe nyumbani, haitoki kiwandani. Ukibadilisha kilichomo ndani ya kopo la jikoni, umegusa karibu kila mlo.

Kazi ilianza mwaka 2014, ikiongozwa na Taasisi ya George, taasisi ya utafiti wa afya yenye makao Australia, kwa kushirikiana na wataalamu wa China, katika majimbo matano: Hebei, Liaoning, Ningxia, Shanxi na Shaanxi. Waliandikisha watu 20,995 kutoka vijiji 600. Hawakuwa watu wa kuokotwa tu. Kila mmoja alikuwa ama amewahi kupata kiharusi, ama ana miaka 60 na zaidi na presha yake iko juu. Wastani wa umri ulikuwa miaka 65, na karibu robo tatu walikwisha kuonja kiharusi angalau mara moja.

Kisha kura ikapigwa, lakini ilipigwa kwa kijiji, si kwa mtu. Vijiji 300 viliendelea na chumvi ya kawaida. Vijiji 300 vilipewa bure chumvi mbadala, ambayo robo tatu yake ni ile ile kloraidi ya sodiamu tunayoijua na robo moja ni kloraidi ya potasiamu. Kiasi walichogawa kilikuwa gramu 20 kwa kila mtu kwa siku, ili kitoshe sufuria ya familia nzima pamoja na mitungi ya kuhifadhia mboga.

Hapo kwenye kura ya kijiji nisimame kidogo, maana wanafunzi wangu huniuliza kila mara. Kwa nini wasichague mtu mmoja mmoja, huyu apate hii na jirani yake ile? Jibu analijua kila aliyelelewa uswahilini: chumvi huombwa. Mtoto anatumwa na kikombe nyumba ya pili, anarudi nayo. Ndugu wa chungu kimoja hawawezi kula chumvi mbili. Ukigawa mtu kwa mtu, baada ya mwezi hujui nani kala nini, na matokeo yako yamekwisha. Kijiji kizima kikiwa upande mmoja, kuazimana hakuharibu hesabu.

Kasoro moja haikuepukika. Watu walijua wanatumia chumvi ipi, maana pakiti inaonekana. Kwa hiyo wale walioamua kama tukio fulani kweli ni kiharusi au siyo walifichwa mgonjwa anatoka kijiji cha upande gani. Ni tahadhari ya msingi. Daktari anayetamani dawa ifanye kazi huweza kuona nafuu ambayo haipo, bila hata kukusudia kudanganya.

Wakafuatiliwa kwa karibu miaka mitano. Matokeo yalitangazwa Agosti 2021. Humo katikati zaidi ya watu 3,000 walipata kiharusi na zaidi ya 4,000 walifariki, wa pande zote mbili. Ni idadi ya kusikitisha, ila ndiyo inayofanya utafiti huu uwe na uzito: tafiti nyingi za chumvi kabla yake ziliishia kupima presha tu, na presha si msiba wenyewe.

Soma tarakimu zenyewe, ukiziwaza kama watu. Chukua watu 1,000 wa aina hii, uwafuate mwaka mmoja. Penye chumvi ya kawaida, viharusi vilikuwa kama 34. Penye chumvi mbadala, 29. Vifo vya sababu zote vilikuwa kama 45 upande mmoja, 39 upande wa pili. Magazeti yaliandika kwamba kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12, na hayo ni kweli. Lakini mimi napenda uone pia ile 34 na 29, kwa sababu inakuonyesha mambo mawili kwa pamoja: watu watano wameponea kila mwaka katika kila elfu, na wengine 29 hawakuponea. Hii chumvi haichukui nafasi ya vidonge vyako vya presha. Mgonjwa atakayeacha dawa kwa sababu amesoma makala hii atakuwa amenielewa vibaya kabisa.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Presha ya juu, yaani ile tarakimu ya kwanza ya kipimo, ilishuka kwa wastani wa milimita 3 na kitu tu. Na sodiamu kwenye mkojo ilipungua kwa kama theluthi moja ya gramu, kiasi kidogo mno. Kilichopanda sana ni potasiamu: nyongeza ya gramu 0.8 hivi kwa siku. Maana yake hawa wazee hawakuacha kula chumvi, walipata madini waliyokuwa na upungufu nayo. Potasiamu huisaidia figo kutoa sodiamu nje pamoja na mkojo, na hulegeza kuta za mishipa ya damu. Kwa maoni yangu, faida waliyoipata ilitoka huko zaidi kuliko kwenye sodiamu iliyopungua.

Lingine linalonivutia ni kwamba hawakuichoka. Baada ya miaka mitano zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa bado wanaitumia. Nitajie ushauri wetu wa lishe unaofika huko! Ladha yake iko karibu sana na chumvi ya kawaida. Ukizidisha potasiamu ndipo ulimi unaanza kuhisi uchungu fulani wa bati.

Utafiti mwingine wa China, uliochapishwa mwaka 2023, ulilipima hili waziwazi katika makao 48 ya wazee. Baadhi ya majiko yalipewa chumvi mbadala. Mengine yalipunguziwa taratibu kiasi cha chumvi kinacholetwa, wapishi watumie kidogo zaidi. Mengine yalifanyiwa yote mawili. Kubadilisha chumvi kulishusha presha kwa milimita 7 na kupunguza matukio ya moyo na mishipa. Kupunguza mgao hakukushusha presha. Yeyote aliyewahi kula bwenini anaweza kukisia: ulimi ukikosa chumvi, mkono hutafuta njia.

Baada ya ushahidi wa aina hii kukusanyika, Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza watu wazima watumie chumvi yenye potasiamu badala ya ile ya kawaida mezani na jikoni. Ni pendekezo lenye masharti. Masharti hayo ndiyo yaliyonifanya niandike, maana habari ya chumvi husafiri haraka kwenye makundi ya simu, na masharti hubaki nyuma.

Potasiamu hutolewa mwilini na figo. Figo ikichoka, potasiamu hujaa kwenye damu, na ikijaa sana moyo hupoteza mapigo yake, wakati mwingine bila kupiga hodi. Kwa sababu hiyo watafiti wa vile vijiji 600 waliwaondoa mapema wote waliokuwa na ugonjwa mkubwa wa figo, wao au mtu wa nyumbani kwao, pamoja na wanaomeza dawa za kukojoa zinazobakiza potasiamu mwilini, kama spironolactone. Ukisikia "haikuleta madhara", kumbuka ilijaribiwa kwa watu waliochujwa. Isitoshe, hawakuwa wakiwapima damu wote kwa utaratibu kuangalia potasiamu. Kwenye makao ya wazee, walikopima, potasiamu ilionekana kupanda kwa baadhi, ingawa haikufuatiwa na maafa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani nao hauwahusu wajawazito, watoto, wala wenye figo dhaifu.

Kwetu hapo ndipo penye mtego. Watu wangapi wenye presha au kisukari wameshapimwa figo? Wengi wanaokuja kwangu wanajua presha yao kwa tarakimu, "mia na sitini kwa mia", lakini ukiwauliza kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, wanakutazama. Presha ya muda mrefu yenyewe huharibu figo, polepole na bila maumivu. Kwa hiyo mtu ambaye chumvi hii ingemfaa zaidi anaweza kuwa ndiye yule isiyomfaa, naye hajui. Kipimo ni cha damu kidogo tu, na hospitali nyingi za wilaya wanacho. Kama unameza losartan, enalapril, lisinopril au captopril, taja hilo pia, kwani dawa hizo hupandisha potasiamu kwa kiasi chake. Hazikukatazi moja kwa moja, ila daktari wako anatakiwa ajue kabla hujabadili kopo.

Ukiikuta dukani, igeuze pakiti usome. Angalia kuna potasiamu kiasi gani, na kama imetiwa madini joto, maana hatutaki kuzuia kiharusi huku tukirudisha rovu. Bei itakuwa juu kidogo. China kwenyewe wakati wa utafiti kilo moja ilikuwa kama dola 1.62 dhidi ya 1.08 ya chumvi ya kawaida. Na chumvi ya pinki ya milimani wanayouza kwa bei ya dawa? Ni kloraidi ya sodiamu iliyovaa rangi. Nimeulizwa hili mara nyingi kuliko swali lolote la figo.

Asiyeipata chumvi hiyo, na figo zake zimepimwa zikaonekana nzima, ana potasiamu sokoni: maharage, mchicha, viazi vitamu, ndizi, parachichi, maji ya dafu. Huo si utafiti wa vijiji 600 na siwezi kukuahidi tarakimu zile zile. Lakini madini ni hayo hayo.

Na kama una mtoto wa shule ya msingi, mtumie. Mjini Changzhi, jimbo la Shanxi, watafiti waliingia shule 28. Katika nusu ya shule hizo watoto walifundishwa habari za chumvi darasani, wakarudi nyumbani na kazi ya kuwabadilisha wazazi na mabibi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, ukilinganisha na familia za shule ambazo hazikufundishwa, watu wazima wa nyumba hizo walipunguza karibu gramu 3 kwa siku, na presha yao ikashuka kwa milimita 2 na ushee. Bibi ambaye hamsikilizi daktari humsikiliza mjukuu anayemshika mkono juu ya sufuria.

Yule mama wa gramu 66 nimemwandikia kipimo cha figo, majibu bado. Chumvi mbadala tutaizungumza yakishatoka. Kwa sasa amekubali kitu kimoja tu, kuondoa kopo la chumvi mezani na kulirudisha kabatini. Wiki iliyopita kifuko chake kilisoma gramu 51. Alinikabidhi pamoja na malalamiko ya mumewe.